Siku Tulipoikaza Enanga ya Mzee Ndyamukama

Ninyi mnaoandaa matamasha siku hizi mnafika kwangu na simu mkononi, mnaniomba nieleze tulivyokuwa tukipokea vikundi vya wanamuziki kutoka nje. Mnataka niseme ilikuwa raha. Mnataka na picha. Picha ninazo mbili, na katika zote mbili nimekatwa kichwa, kwa sababu mpiga picha alikuwa anahangaika kumpata mgeni rasmi. Kaeni, nitawaeleza. Nikikasirika katikati msinitulize, hasira hii nimeishi nayo muda mrefu na tumeshazoeana.

Watu wa Karagwe waliniita Bwana Utamaduni, kama walivyokuwa na Bwana Shamba na Bwana Afya. Bwana Shamba alikuwa na dawa ya mibuni, kwa hiyo aliheshimiwa. Bwana Afya aliweza kufunga kilabu cha pombe kisicho na choo, kwa hiyo aliogopwa. Mimi nilikuwa na spika mbili, jenereta lililokohoa kuliko babu yangu, na turubai lililorudi kutoka vitani likiwa na matundu. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Kagera. Sabuni ilikuwa ya kutafuta, sukari ya kuotea, na dizeli haitoki bila kibali. Kyerwa ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Karagwe, kwa hiyo eneo langu lilianzia Ndama likaishia mpakani na Uganda, na lote nililizunguka kwa pikipiki moja ambayo bosi wangu alipenda kwenda nayo kanisani.

Kazi yenyewe nitawapa bure, maana chuoni hamfundishwi. Jenereta liwekwe upande ule upepo unakoelekea, la sivyo mwimbaji atameza moshi na wimbo wote atauimba akikohoa. Jukwaa la mbao juu ya mapipa ni zuri, lakini pipa tupu linavuma chini ya miguu ya wachezaji kuliko hata ngoma, kwa hiyo lijazeni mchanga nusu. Ngoma msiilaze juani saa sita mkidhani mnaikausha. Hotuba ya mgeni rasmi iwekwe katikati. Ikija mwanzoni, watu wataondoka kwenda kunywa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na hawatarudi mpaka ninyi mmeshafungasha.

Makosa nimefanya mengi, na mengine yanachekesha. Kuna mwaka tulipokea kikundi cha Wahindi, wanaume wanne, na mmoja wao alipiga zile ngoma zao mbili ndogo za mikono, tabla. Kabla ya kuanza akaomba poda ya kupaka viganjani, vidole viteleze. Poda Karagwe nzima hakuna. Mimi, kwa akili zangu za kutaka sifa, sikumwambia mtu. Nikaenda kwa mama mmoja nikachukua unga wa muhogo, tukauchekecha mara mbili, nikampelekea mgeni kwenye sahani safi. Akapaka, akapiga. Ukumbi ulikuwa na joto, jasho likamtoka, na unga ukageuka uji kwenye vidole vyake. Kila akipiga, tonge dogo linaruka kwenda safu ya mbele walikokaa wakubwa. Bosi wangu alikaa na tonge kwenye tai mpaka mwisho wa wimbo.

Yule Mhindi hakukasirika. Alicheka mpaka machozi. Halafu akaomba majivu ya jikoni, akayachekecha kwa leso yake, akajipaka na kuendelea. Baadaye akaniwekea mkono begani, akaniambia kwa Kiswahili chake cha dukani: "Ndugu, wewe uliza kwanza. Halafu ndiyo lete." Nilicheka naye, nikadhani nimejifunza jambo kuhusu unga.

Sasa nije kwa Mzee Ndyamukama wa Kibingo, maana ndiye aliyenikalisha hapa.

Alikuwa mkulima kama wakulima wengine, migomba mbele ya nyumba na mibuni nyuma, Mkatoliki asiyekosa misa. Lakini alipiga enanga, na katika upande wetu hakubaki mwingine wa kumkaribia. Enanga wengi wenu mmeiona ukutani hotelini, imepakwa vanishi. Ni mti mmoja uliochimbwa kama sinia refu, na kwenye ncha zake mbili kuna meno ya mbao. Uzi hupitishwa kwenye meno hayo, unakwenda na kurudi mpaka unakuwa nyuzi nane. Lakini uzi ni mmoja. Ukikaza huku, kule nako kunasogea. Uzi wenyewe ni mshipa wa mgongo wa ng'ombe, unakaushwa, unachanwa, unasokotwa juu ya paja na kupakwa samli. Kazi ya siku tatu, na mtu asiye na subira hawezi.

Kupatanisha sauti zake, mzee hakutumia chombo chochote. Aliimba jina la shujaa wa utendi wake kwa sauti ya chini kabisa ya koo lake, kisha akauvuta uzi mpaka ukutane na koo. Kila mpigaji alikuwa na enanga ya koo lake. Ndiyo maana huwezi kuazima ya mwenzio ukaimba vizuri, utaimba kama mtu aliyevaa viatu vya jirani.

Utendi wake ulikuwa wa mtu aliyetumwa na mfalme kuvuka mto kumletea ng'ombe mweupe. Ulikuwa na sehemu nne. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, na wa pekee, maana watoto wake walikuwa Mwanza na Kampala na walipenda gitaa. Kwa miaka mitatu nilikwenda Kibingo kila Jumamosi ambayo pikipiki ilikubali. Akanichongea enanga yangu ndogo. Akanipa sehemu ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Ya nne ndiyo yenye kurudi kwa yule mtu na kufa kwake, na mwishoni mna majina ya wapigaji wote waliopokezana utendi ule kabla ya mzee. Utaratibu wake ulikuwa kwamba sehemu hiyo hatoi mpaka kwanza amsokotee mwanafunzi uzi kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka huo alishaniambia nilete mshipa. Niliupata kwa ng'ombe wa Krismasi, nikampelekea, akautundika darini juu ya moshi. Nilikuwa nimebakiza hatua moja.

Ndipo wakaja Wajapani.

Walikuwa wanne: kiongozi wao mpiga filimbi ya mwanzi, wapiga ngoma wawili, na mwanamke mmoja aliyeitwa Sachiko. Huyu Sachiko alipiga ala inayoitwa koto, ndefu kuliko mimi nikilala, yenye nyuzi kumi na tatu zilizopita juu ya vipande vidogo vyeupe vyenye miguu miwili. Waliletwa na mkalimani kutoka Dar es Salaam, kijana mpole jina lake Hamza. Na lazima niwatendee haki wageni wale: wao ndio walioomba. Walitaka kupiga pamoja na mtu wa hapa, tena kwa ala ya hapa. Mpango ukawa mazoezi siku mbili katika darasa la shule Ndama, halafu onyesho Nkwenda siku ya gulio, wakubwa wa mkoa wakiwepo.

Nilimpendekeza Mzee Ndyamukama kabla mtu hajamaliza sentensi. Nilikuwa na fahari, sitaficha. Akaja na lori la kahawa, enanga yake imefungwa ndani ya kitambaa cha gome la mti, na shati amelipiga pasi.

Siku ya kwanza pale Ndama ilianza vizuri. Sachiko aliinama kumsalimu, mzee akatoa kwenye kifuko chake buni za kutafuna, zile tunazompa mgeni, akamwekea mbili kiganjani. Sachiko akatafuna, akakunja uso, halafu akanyoosha mkono aongezewe. Mzee akafurahi sana. Walikaa karibu, kila mmoja akigusa ala ya mwenzake, hawana lugha hata moja ya pamoja na wala hawakuonekana kuihitaji.

Kisha Sachiko akamwambia Hamza jambo, na Hamza akanigeukia mimi.

"Anauliza, mzee sauti yake iko wapi?"

Sasa sikilizeni vizuri nilichojibu, maana ndiyo sababu ya kuwasimulia haya yote. Nilijibu, "Mwambie asijisumbue. Wao ni wageni. Mzee atawafuata."

Nilijibu haraka, na nilijisikia nimejibu kwa adabu. Sisi mgeni akija tunamwachia kitanda, tunamwachia kipande cha nyama kinono, mwenye nyumba analala sebuleni na anafurahi. Sikuona kwamba ala ina tofauti na kitanda. Hamza akatafsiri. Sachiko akamwangalia mzee, kama anayetaka kuhakikisha, kisha akainama tena na kurudi kwenye nafasi yake.

Filimbi ikatoa sauti yao. Enanga ilikuwa chini yake, na si kwa kidogo. Bosi wangu, aliyekuwa mlangoni na funguo za pikipiki, akasema, "Basi apandishe. Tatizo liko wapi?"

Mzee Ndyamukama hakumjibu bosi. Alinigeukia mimi.

"Mwanangu, hii iko pale ilipo koo langu. Nikiipandisha, na mimi itabidi nipande. Nipande mpaka wapi?"

"Ni kidogo tu, mzee. Na ni siku moja."

Akauliza: "Wewe unasema nipandishe?"

"Ndiyo, mzee. Wageni wametoka mbali."

"Haya," akasema, akaanza kukaza.

Ukikaza uzi wa mshipa ambao umekaa mahali pamoja miaka mingi, unalalamika kwanza. Anayeujua mlio ule huacha. Mimi niliujua, mzee aliujua zaidi, na tukaendelea. Ulikatika alipokaza mara ya nne. Na kwa kuwa ni uzi mmoja, ulipokatika hapo ulilegea wote, nyuzi nane kwa mpigo, zikalala ndani ya enanga.

Wa kusokota mwingine muda haukuwepo. Nikatafuta ufumbuzi, maana nilikuwa hodari wa ufumbuzi. Nilikwenda kwa fundi baiskeli pale Ndama, akanipa waya wa breki, nikaufumua nikapata uzi mwembamba wa chuma. Nikarudi nikaupitisha mwenyewe, jino kwa jino, mzee amekaa pembeni mikono ameiweka chini ya mapaja. Chuma kilifika kule juu bila shida. Wageni wakapiga makofi ya heshima. Bosi akasema ndiyo maana ananiamini. Meno ya enanga yalikuwa ya mti mkavu uliozidi umri wangu, na nilipoukaza waya niliona unavyozama kwenye mbao. Niliona, nikanyamaza.

Nkwenda siku ya gulio mnaijua. Wanunuzi wa kahawa, maharage, mitumba kutoka ng'ambo, mbuzi, walevi wa mapema. Koto ilipopandishwa jukwaani watu wakasema wageni wamekuja na mtumbwi wa kukamulia ndizi, na kweli ilifanana nao. Kicheko kile kilikuwa cha kirafiki. Ngoma za Kijapani zikapigwa, watu wakatulia. Halafu wakaja wawili wale, Sachiko na mzee.

Sachiko alianza peke yake, taratibu. Enanga ikaingia, na kwa muda mfupi vilisikika pamoja, waya ule ukilia kwa ukali ambao enanga haijawahi kuwa nao. Mama wauza ndizi waliacha kupanga mafungu. Ndipo mzee akafungua mdomo kuimba.

Alianza juu, maana alipaswa kuanza juu. Shingo ilimtoka mishipa. Akalifikisha jina la shujaa, na pale sauti ikakatika, ikatoka kama ya kijana anayebalehe. Akarudia. Ikakatika tena. Mlevi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia akamwigiza, akaitoa sauti ile vilevile ilivyokatika, na watu wakacheka. Kicheko hiki hakikuwa kama kile cha mtumbwi. Kilitoka kwenye magunia kikaenda kwa wauza mitumba, kikafika mpaka viti vya wakubwa. Mzee alijaribu mara ya tatu. Jino la enanga likavunjika, waya ukaruka, ukamchana kidole gumba.

Akanyamaza.

Sijui kama mnaelewa uzito wa jambo hilo. Utendi wa namna ile haukatizwi njiani. Mvua ikinyesha, mgeni akiingia, mtoto akilia, mwimbaji humfikisha mtu wake ng'ambo ya mto kwanza, ndipo anapumzika. Mzee Ndyamukama alikuwa ameimba hivyo tangu ujana wake. Siku ile alimwacha mtu wake katikati ya maji, mbele ya watu wa Nkwenda, akaifunga enanga yake kwenye gome lake huku damu ikidondoka.

Sachiko alimsubiri kwa muda. Kisha akaumalizia wimbo peke yake kwa sauti ndogo, na umati ukampigia makofi kwa nguvu, maana wengi walidhani ndivyo ilivyopangwa. Bosi wangu aliniambia imekwenda vizuri, ila siku nyingine nitafute mzee mwenye sauti. Mtu yule ameshafariki na sipendi kumsema marehemu, lakini sentensi hiyo bado ninayo kichwani.

Nilimtafuta mzee nyuma ya jukwaa. Nikaambiwa amedandia lori la kwanza kwenda upande wa Kibingo.

Wageni walikuwa wanafungasha ndani ya nyumba ya kulala wageni. Sachiko alikuwa amepiga magoti kando ya koto yake, anampigia yule kiongozi wa filimbi kitu fulani, na kabla ya kupiga akasukuma kile kipande cheupe cha chini ya uzi. Akakisogeza kidogo tu kwa vidole viwili, na sauti ya uzi ikashuka. Akasogeza cha pili. Akasogeza cha tatu. Nilisimama mlangoni nikiangalia vidole vile.

Nikamwambia Hamza amuulize kama vipande vile vinasogezwa.

Hamza akauliza, akasikiliza. "Anasema vimetengenezwa visogezwe. Anavisogeza kabla ya kila wimbo."

"Vyote kumi na tatu? Inachukua muda gani?"

"Anasema maji ya chai hayajachemka anakuwa amemaliza."

"Angeweza kushuka mpaka kwa mzee?"

Hamza hakuitafsiri haraka, nadhani alishaelewa. Alipoitafsiri, Sachiko aliacha alichokuwa anafanya. Akajibu maneno mengi, na Hamza akanipa machache. "Anasema ndiyo maana aliuliza siku ile, sauti ya mzee iko wapi. Alitaka amfuate yeye. Akaambiwa mzee atafuata, akadhani mzee mwenyewe ndivyo anavyopenda, akaona si adabu kubishana na mwenye nyumba. Sasa anauliza mzee yuko wapi."

Nikasema ameshaondoka. Sachiko akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, hakuinuka haraka, na nikaona aibu kuliko ningetukanwa. Aliniomba nipeleke salamu zake na nimwombee msamaha. Niliahidi kwenda kesho yake. Nilikwenda baada ya wiki tatu. Nilijiambia pikipiki ni mbovu, na kweli ilikuwa mbovu, lakini miguu ilikuwa mizima.

Nilimkuta mkewe, Mama Veronika, anaanika kahawa uani. Nikamwamkia, akaitikia, akasema mzee yuko kwenye migomba. Hakuongeza neno, na yeye si mtu wa maneno machache.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akaacha kukata majani, akakaa juu ya gogo, akatoa kifuko chake, akanipa buni mbili kama siku zote. Kidole gumba kilikuwa na kovu jipya. Nikampa salamu za Sachiko. Halafu nikamweleza kuhusu vile vipande vyeupe. Nilimweleza kama mtu anayeleta habari mpya, kwa pupa, kwamba vinasogea, kwamba yule mama angeweza kushuka, kwamba laiti tungejua.

Mzee alitafuna, akatema ganda.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, mzee?"

"Kwamba vinasogea. Niliona siku ya kwanza pale Ndama, wakati anavipanga. Alisogeza kimoja, kikalia chini. Nikasema moyoni, huyu atashuka mpaka nilipo, tutaimba vizuri."

Nikauliza swali la kijinga. "Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Yule mama hanisikii lugha. Bosi wako enanga haijui. Katika chumba kile aliyeijua enanga ni wewe peke yako, na niliyekufundisha ni mimi. Ndiyo maana nilikuuliza, wewe unasema nipandishe? Ukasema ndiyo." Akapangusa kisu kwenye suruali. "Nikasema basi, labda mwanangu kuna kitu anakijua ambacho mimi sikijui. Amesoma."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningelia pale pale na mambo yangeisha, maana mtu akikugombeza bado ana haja na wewe. Aliniuliza habari za nyumbani, akauliza kama mibuni yangu imepata ugonjwa. Nilipoaga akaniambia nisubiri. Akaingia ndani, akatoka na ule mshipa wa ng'ombe niliokuwa nimempelekea, umekauka vizuri, mweusi kwa moshi.

"Uchukue," akasema. "Hapa panya wataumaliza."

Niliupokea kwa mikono miwili. Sehemu ya nne sikuiomba siku hiyo wala siku nyingine. Nilikuwa naijua adabu kupita kiasi, kama mlivyoona.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Tulikuwa tunasalimiana kanisani, tukiongea bei ya kahawa na mvua. Sikumsikia akiimba tena, na wa Kibingo nao wanasema hawakumsikia. Enanga yake ilibaki darini na waya wangu wa breki ndani yake.

Nawaona siku hizi mnavyofanya. Nimekaa kwenye viti vya plastiki vya matamasha yenu. Mnaleta kinanda cha umeme, mnaweka sauti, halafu mnawaambia akina mama wa ngoma wapande wakifuate, na mzee wa enanga mnamwambia dakika tatu tu mzee wangu, ratiba imebana. Mnasema hivyo mkitabasamu, na heshima zote mnampa, shikamoo mnampa, na soda. Mimi pia nilimpa mzee wangu shikamoo zote. Kabla hamjamgusa mtu kama huyo, ulizeni kati ya ala zenu ni ipi inayoweza kusogea, na mwulizeni yeye mwenyewe, si afisa wake. Kama wewe ndiye afisa na unaijua ala ile, basi kazi yako siku hiyo ni kusema hapana, hata kama mlangoni kuna mtu ameshika funguo za pikipiki. Mimi nililipwa mshahara miaka ishirini na minane kwa ajili ya neno hilo moja, na siku lilipohitajika sikulitoa.

Mzee Ndyamukama alifariki miaka ile wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa wilayani kwetu. Tulimzika mchana, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba yake. Padri alipomaliza na jeneza likiwa limeshashushwa, Mama Veronika akaniita mbele ya watu wote. Akasema mume wake hawezi kufukiwa kimyakimya kama mtu asiyekuwa na kazi, na aliyefundishwa naye ni mimi, basi niimbe.

Nilikuwa na enanga yangu ndogo. Nikakaa kwenye ukingo wa kaburi nikaimba. Nikaimba sehemu ya kwanza, ya pili, na ya tatu, polepole, kwa koo langu. Mtu wa mfalme akafika ng'ambo ya mto, akampata ng'ombe mweupe, akageuka kuangalia kwao. Hapo nikaacha, kwa sababu hapo ndipo ninapoishia.

Watu walibaki wamekaa. Mtoto wake mkubwa, yule wa Mwanza, akaniinamia sikioni.

"Bwana Utamaduni, ndiyo imeisha?"

Nikamwambia imeisha.

Walikuwepo pale wazee wawili wa Kibingo ambao ujanani waliwahi kuusikia utendi wote, ingawa hawakuweza kuuimba. Waliangaliana. Mmoja wao akasimama, akachukua koleo, akaanza kurudishia udongo.